Gogo, Nishikie Mtoto

Nchi ninayotaka kuwasimulia nimeishi humo mwenyewe, lakini msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Kila ramani niliyopata kuiona, mwenye kuishika alikuwa ameweka dole gumba mahali palepale. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, ina Mheshimiwa, na wakati wa habari hii ilikuwa pia na Wizara ya Kasi.

Wizara hiyo ilianzishwa siku Mheshimiwa aliporudi kutoka safari za nje na kutangaza kwamba wenzetu wametuacha. Hakusema wametuacha wapi, wala wao wanakwenda wapi, na hakuna aliyeuliza, maana kuuliza kunachelewesha. Basi tukaanza kukimbia. Saa za ofisi zilisogezwa mbele dakika ishirini ili nchi iifikie kesho kabla ya majirani. Maharusi walifungishwa ndoa wakiwa njiani kwenda kufungishwa ndoa. Maiti walipelekwa makaburini mchakamchaka, na kule kwetu bibi mmoja, Mungu amrehemu, alifika kabla ya wachimba kaburi, ikabidi awasubiri. Anayebisha akamuulize.

Na mtu akianguka kazini kwa kuchoka, serikali haikumtupa. Alipewa Nishani ya Pumzi ya Mwisho, ya shaba, yenye picha ya mbuni anayetimua mbio. Ilimsubiri mtu kaburini, imeshasafishwa.

Mimi nilikuwa wa saba kwenye kamba ya pantoni. Pantoni yetu haikuwa na injini. Injini ilikuwa imeagizwa, nayo ilikuwa njiani tangu sijaota ndevu. Kwenda ng'ambo, mto wenyewe uliisukuma, maana pale una kona kali. Sisi tuliiachia kamba taratibu tu. Kurudi ndiko kulikuwa na shughuli. Tulisimama ufukweni watu kumi na wawili, tukaivuta kwa mikono dhidi ya maji. Ukiiachia kamba pantoni ikiwa katikati, inakwenda zake chini, kwenye maporomoko tuliyoyaita Chungu cha Mkwe, kwa sababu kinachoingia humo hakirudi kusifia upishi.

Mnyapara wetu alikuwa Bi Nyamizi, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuamsha viboko. Kamba hakuishika hata siku moja. Alikaa pembeni akaimba, sisi tukaitikia na kuvuta. Mgeni angedhani tunamlisha bure. Kumbe kazi yake ilikuwa kusikiliza vifua vyetu. Kifua kimoja tu kikianza kupiga filimbi, alikatisha wimbo wowote aliokuwa nao, akaita:

"Gogo, nishikie mtoto!"

Nasi tukaitika: "Nimeshika, kanywe maji!"

Hapo ufukweni palikuwa na gogo la mvule, limezikwa nusu tangu enzi za babu zetu. Tulizungusha kamba mara mbili kwenye gogo, gogo likaishika pantoni pale ilipo, na sisi tukanywa maji, tukatemea mate viganja, tukamsengenya mkwe wa mtu mmoja. Kisha tukarudi kambani. Hivyo tulivusha safari kumi na nne kwa siku, na jioni tulifika nyumbani tukiwa na nguvu ya kugombana na wake zetu.

*

Siku moja akaja Bwana Onesmo Lutego, Afisa Kasi wa Wilaya. Alikuwa mwembamba, suti yake imefungwa vifungo vyote kwenye lile jua, na shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio. Akatupima asubuhi nzima. Tulipofika kwenye gogo mara ya tatu, akainua mkono.

"Huu ubeti wa gogo, mama. Ukiimbwa, pantoni inasogea hatua ngapi?"

"Haisogei, baba," alijibu Bi Nyamizi. "Ndiyo maana inafika."

Bwana Lutego akaandika kwenye daftari: *Haisogei.*

"Na hili gogo linafanya kazi ya watu kumi na wawili?"

"Peke yake, baba, wala halilalamiki."

"Lina barua ya ajira?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Mama, nakuuliza kiserikali. Hili gogo lipo kazini miaka yote hii bila barua, bila faili, bila kupandishwa cheo. Hilo ni mtumishi hewa."

"Mtumishi hewa?" Chambuso, aliyekuwa wa sita kwenye kamba, alishindwa kujizuia. "Bwana Afisa, ligonge kwa kichwa chako uone kama ni hewa."

Jumatatu gogo likang'olewa na wafungwa, likafungiwa stoo ya wilaya kama kielelezo. Pale lilipokuwa ikajengwa Sanamu ya Kasi: mtu wa saruji anayekimbia, kifua mbele, kidevu kikifanana sana na cha Mheshimiwa, mguu mmoja umeinuka nyuma na mwingine umekanyaga chini. Uzito wote ulikaa kwenye kifundo kimoja cha mguu, na saruji yake ilikuwa ile iliyobaki mkandarasi alipomaliza nyumba yake. Ikazungushiwa uzio wa chuma wenye kufuli, ambalo ufunguo wake Bwana Lutego aliuvaa shingoni pamoja na saa, na kibao: USIGUSE KASI. Ubeti wa gogo ukapigwa marufuku.

Wiki ya kwanza tulivusha safari kumi na nane kwa siku. Bwana Lutego akaandika ripoti. Wiki ya pili tukavusha kumi na tatu, ya tatu tisa. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa.

Wiki ya nne Kingwande, wa kumi kwenye kamba, mtu wa maneno machache na mikono kama mapakacha, alikaa chini katikati ya ubeti. Bi Nyamizi alikuwa wa kwanza kujua, kwa kuwa alisikia kifua kimoja kimepungua. Hakupiga yowe, maana pantoni ilikuwa majini na abiria sitini. Aliendelea kuimba huku machozi yanamwingia mdomoni, hadi tulipoifunga gatini. Nishani ilifika siku ileile. Kasi, lazima niseme, Wizara ilikuwa nayo.

Bi Nyamizi aliifunga ile nishani kwenye pindo la kanga, akatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Chambuso alitulia. Kifua cha Chambuso kilikuwa kinapiga filimbi hata akiwa amelala.

"Hii ni ya kwanza na ni ya mwisho," akasema. "Chambuso, unanisikia? Wewe hutapewa shaba mimi nikiwa hai."

"Mama, mimi mbuni sipendi," Chambuso akasema, akakohoa. "Akichorwa kuku nitafikiria."

Angeondoka, lakini kuacha kazi kuliitwa Kutoroka Kasi, na adhabu yake ilikuwa kukimbia tu, kuzunguka uwanja wa gereza. Na barua ilikuwa imebandikwa gatini: baada ya siku arobaini, kwenye Jubilei yake, Mheshimiwa atavutwa kwa kamba yetu mbele ya mabalozi, kwa dakika nne. Sisi, tukiwa na nguvu, tulitumia ishirini.

*

Sasa mnapaswa kuujua Wimbo wa Taifa wa nchi ile. Ulikuwa na beti kumi na tisa. Ukianza, kila kiumbe kilisimama wima, mikono ubavuni, kimya au kikiimba, hadi neno la mwisho. Ni mwongoza wimbo peke yake, yule mwenye kadi, aliyeruhusiwa kusogeza kiungo. Kinyozi mmoja alifungwa miaka mitatu kwa kumalizia shavu la mteja, na mteja akafungwa miwili kwa kumgeuzia.

Kesho yake baada ya ile nishani kufika, pantoni ikiwa imefungwa gatini kwa mnyororo na abiria wanashuka, Bi Nyamizi alisimama, akatazama mbingu, akaanza: "Ewe nchi yetu tukufu..."

Tukashusha mikono. Abiria wakaganda, mmoja mguu hewani. Bwana Lutego alivua kofia, akasimama, macho yanaitazama saa inavyokwenda. Beti kumi na tisa! Tulipumua kama watoto wachanga. Ulipoisha, Bwana Lutego akamwendea mbio.

"Mama, kwa nini umeimba?"

"Nimeipenda nchi ghafla, baba."

Baada ya safari mbili akaipenda tena, na mchana akaipenda mara tatu. Bwana Lutego alitafuna ncha ya kalamu hadi wino ukamtoka mdomoni, lakini angeandika nini? Kwamba watu wanaimba mno Wimbo wa Taifa? Kidogo kidogo safari zetu zikapanda hadi kumi na mbili, na filimbi ya Chambuso ikapungua. Miili yetu nayo ikajifunza: pigo la kwanza la wimbo ule likilia popote, hata la ngoma tu, vidole vyetu vilifunguka vyenyewe.

Habari zikafika Wizara ya Uzalendo, ambayo haikuwa ikisalimiana na Wizara ya Kasi. Wakaja na mkasi na utepe, wakaitangaza pantoni yetu kuwa Chombo Kizalendo Kuliko Vyote, na Bi Nyamizi akapewa kadi yenye muhuri: Mwongoza Wimbo wa Taifa, Daraja la Kwanza. Akaitia kwenye pindo la kanga, jirani na ile shaba.

*

Ikafika Jubilei. Tangu alfajiri ufukwe ulijaa mabalozi, na wakuu wa idara kama arobaini hivi, wote matumbo makubwa na viatu vya kumeta. Mheshimiwa alikuwa ng'ambo anafungua kitu. Nadhani ilikuwa mlango. Angerudi na pantoni, pamoja na mawaziri wote na bendi ya matarumbeta na ngoma. Mke wa Bwana Lutego naye alikuwemo, ameshika shada la maua, heshima aliyokuwa ameiombea barua sita.

Bwana Lutego alimvuta Bi Nyamizi pembeni, karibu nami, ndiyo maana nilisikia.

"Leo nakuomba kama mama yangu mzazi. Usiimbe ule wimbo."

"Pantoni ikiwa majini? Mwanangu, mimi ni mzalendo, si mwendawazimu."

"Dakika nne, mama."

"Dakika ishirini, na Chambuso arudi nyumbani kwa miguu yake."

"Dakika nne! Zikizidi, wewe na hao kumi na mmoja wako mtalala ndani. Na mimi nitalala chini yenu."

Bi Nyamizi akaenda kwa Chambuso, akamfunga mkanda wa kanga kiunoni, akamnong'oneza asivute kwa nguvu zake zote. Chambuso akatikisa kichwa. Bendera ikapungwa ng'ambo. Tukavuta.

Tulivuta kwa wimbo wa haraka, ule wa Wizara, usio na mahali pa kumeza mate. Hatua mia, mia na hamsini. Mgongo wa Chambuso ulikuwa mbele yangu, na nilisikia filimbi inaanza, nyembamba, kisha mbili kwa pamoja. Bi Nyamizi akapunguza mwendo. Bwana Lutego akamwonyesha saa. Akaongeza. Filimbi ikageuka mluzi. Kamba ilikuwa imeshaloa damu, na sikujua ni ya nani kati yetu. Pantoni ikafika katikati, pale mto unapovuta kuliko popote.

Hapo Waziri wa Uzalendo akamwona Mheshimiwa amesimama ili ajikune, akadhani ni wakati wa heshima. Akaipungia bendi mkono.

Dum!

Vidole vyetu vikafunguka. Wallahi hatukukusudia. Kumi na mmoja tuliiachia kamba kwa pamoja, mikono ubavuni, na kamba ikaanza kukimbia mchangani kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

Ufukwe mzima ukaganda. Pantoni nayo ikaganda, yaani watu wake, maana yenyewe ilikuwa inakwenda zake. Nawaambia nilichokiona: serikali nzima imesimama wima, mikono ubavuni, inaelea kuelekea kwenye Chungu cha Mkwe kwa heshima kubwa. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa anaimba kwa sauti kuliko wote. Hakuwa akiyatazama maporomoko. Alikuwa akiitazama bendera.

Bwana Lutego hakuweza kusogea wala kusema. Lakini kuimba kuliruhusiwa. Basi akaimba, kwa sauti ya ubeti wa kwanza, jasho linamtiririka:

"Bi Nyamiiizi, kaaamba! Mke wangu yumooo!"

Bi Nyamizi akamjibu kwa sauti ileile: "Gooogo umeling'oa weeewe!"

"Tafadhaaali!"

Akachomoa kadi, akaiinua juu ili kila balozi aione, kisha akaanza kuongoza. Mkono wa kulia ulipiga mapigo ya wimbo. Wa kushoto uliudaka mkia wa kamba. Akaja nao kwa hatua za taratibu za mwongoza wimbo, bila kukosa pigo, hadi kwenye uzio wa Sanamu ya Kasi, aliposimama Bwana Lutego. Akanyoosha mkono wa kulia kwa mapigo, moja, mbili, akaingia shingoni mwa Bwana Lutego, akatoa ufunguo.

"Usiguse Kaaasi!" Bwana Lutego akaimba, kwa mazoea tu.

Ubeti wa tatu, kufuli likafunguka. Akazungusha kamba mara moja kwenye kile kifundo cha saruji. Akazungusha mara ya pili. Kamba ikanyooka, ikalia kama zeze, na pantoni ikasimama ghafla, hatua sitini kabla ya Chungu. Kofia tatu za mawaziri zikaendelea zenyewe.

Beti kumi na sita zilikuwa bado.

Ubeti wa saba ufa ukatokea kwenye kifundo. Ubeti wa kumi mchanga ukaanza kumwagika kutoka ndani yake kama unga kwenye gunia bovu. Bi Nyamizi aliongoza kwa mkono wa kulia, na kiganja cha kushoto alikibandika kwenye ufa, kana kwamba anamtuliza mgonjwa. Ubeti wa kumi na tano maji yalipanda juu ya mbao za pantoni. Mabalozi walikuwa wanalia bila kupangusa. Na Chambuso, huyu Chambuso, nilimsikia chini ya sauti ya bendi: filimbi zilikuwa mbili, ikabaki moja, ikanyamaza.

Ubeti wa kumi na tisa. Neno la mwisho. Tukairukia kamba, na tulipoishika tu kifundo kikakatika. Sanamu ikateremka ufukweni, ikadunda mara mbili, ikaingia mtoni. Kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, Kasi ilikimbia.

*

Tukavuta kwa wimbo wa zamani, mwendo wa zamani. Kutoka kule pantoni ilikokuwa imeteremka, safari ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Nusu ya njia kifua cha Chambuso kikaanza tena. Bi Nyamizi akageuka akautazama ule ufukwe usio na gogo wala sanamu, akawatazama wale wakuu arobaini wa matumbo makubwa, kisha akamkazia macho Bwana Lutego.

"Gogo," akaita polepole, "nishikie mtoto."

Hakuna aliyeitika. Sisi tusingeweza; tulikuwa tumemshika mtoto.

Bwana Lutego alimtazama mkewe majini, shada bado mkononi. Akafungua vifungo vya suti, vyote. Akakaa mavumbini, visigino akavikita kwenye msingi wa sanamu, akajizungushia kamba kiunoni.

"Njooni mkae!" akawapigia kelele wakuu wa idara. "Kaeni, mna kazi gani nyingine?"

Wakakaa nyuma yake mmoja mmoja, suti na viatu vya kumeta, msururu kama watoto wanaocheza treni. Kamba ikawauma, wakaguna, lakini ikashika. Uzito, lazima niseme, Mungu alikuwa amewapa.

"Nimeshika!" akalia Bwana Lutego. "Kanyweni maji!"

Tukanywa. Bi Nyamizi mwenyewe alimshikia Chambuso kata ya maji mdomoni. Kutoka mtoni kipaza sauti kikakoroma: "Mbona tumesimama?"

"Wanakunywa maji, baba!" Bi Nyamizi akajibu.

"Nani amewaruhusu?"

"Wewe chagua, baba! Wanywe wao, au unywe wewe?"

Mheshimiwa akatazama chini. Maji yalikuwa yameshafika kwenye soksi.

"Wanywe," akasema.

Tulimfikisha kwa dakika hamsini na tatu, na wakuu wa idara wakawa gogo mara tano. Chambuso alirudi nyumbani kwa miguu yake, akagombana na mkewe hadi majirani wakaja.

Gazeti la serikali liliandika: MHESHIMIWA AGUNDUA KUPUMZIKA. Wizara ya Kasi ikavunjwa, ikaundwa Wizara ya Mapumziko, ambayo makarani wake hawajalala hadi leo kwa wingi wa fomu. Gogo letu lilikubaliwa kurudi, ila kwanza lazima lipate barua ya ajira, na barua inahitaji saini saba. Mpaka itoke, wizara inatuletea maofisa wa kukaa mahali pake. Bwana Lutego yeye hahitaji kuletwa. Alifukuzwa kazi, akaja mwenyewe. Amenenepa kidogo na anashika vizuri.

Juzi juzi, kabla sijastaafu, alikuja ofisa mpya wa Mapumziko, suti imefungwa vifungo vyote. Shingoni ilining'inia saa ninayoijua. Akatupima asubuhi nzima.

"Mama," akamwambia Bi Nyamizi, "mnapumzika kwa dakika tatu. Mmeshawahi kujaribu kupumzika kwa kasi zaidi? Wenzetu wanatumia moja."

Pantoni ilikuwa katikati ya mto, imejaa. Bi Nyamizi hakubishana naye. Alisikiliza vifua vyetu, akautazama ule mkia wa kamba.

"Kaa hapo nyuma ya mwenzako, mwanangu," akasema. "Shika."

Bwana Lutego akamsogezea nafasi. Yule ofisa akashika, macho yakamtoka.

Nasi tukaenda kunywa maji. Siku ile, sijui kwa nini, kila mmoja alikuwa na kiu ya vikombe viwili.